Meza Isiyopigwa Flashi

Mimi nimechoka, na heri niliseme hilo mwanzo kabisa msije mkadhani nina kiburi. Shingo inaniuma, macho yananiwasha, na kiti changu kimebonyea upande mmoja kwa kukaliwa. Kazi yangu ni kusafisha picha. Mume wangu anapiga, mimi nasafisha. Yeye anakwenda kwenye sherehe za watu, anakula vya watu, anarudi ananukia manukato ya watu, anaziweka kadi za kamera mezani na kusema, "Mama watoto, leo zimetoka vizuri," halafu huyo kitandani. Nikilisikia hilo "zimetoka vizuri" najua usiku huo silali.

Wateja wanamwita Inatosha. Jina amejitafutia mwenyewe. Ukimwambia ukumbi una giza, anapiga moja ya kujaribu, anachungulia kioo cha nyuma ya kamera, anasema, "Inatosha." Bibi harusi kasimama kwenye kona ambayo taa haifiki, inatosha. Maharusi wanatoka nje jua limeshazama, inatosha. Kama inatosha au haitoshi nakuja kujua mimi, mbele ya kompyuta, na yeye wakati huo anakoroma.

Kosa lake ni moja, na nimelisema mpaka ulimi umeota sugu. Kile kioo cha kamera kinawaka chenyewe. Ukiwa gizani, macho yako yameshazoea giza, hata picha iliyokufa utaiona inang'aa. Mtu anaridhika, anaendelea kupiga. Ndiyo maana pembeni wameweka kile kichati chenye umbo la mlima. Mlima ukilalia kushoto, picha yako ni giza, kioo kiseme kisemavyo. Mume wangu hakitazami. Anasema kinamtoa kwenye mudi. Halafu anaiogopa ISO kama anavyomwogopa mama yangu. ISO ni ile namba ya kuifanya kamera iwe nyepesi kuushika mwanga, na ukiipandisha sana picha inaingia chenga, vile vipunje kama vya televisheni isiyoshika mawimbi. Basi yeye, kukwepa chenga, anaiacha chini. Picha inatoka nyeusi. Mimi nikija kuivuta mwanga kwenye kompyuta, zinatoka chenga maradufu ya zile alizokuwa anazikimbia. Mwambie sasa uone atakavyokununia.

Na wateja nao wana yao. "Nipunguze tumbo." "Niondolee huyu shemeji, tumeshaachana naye." "Ning'arishe kidogo." Kidogo! Ukimng'arisha kidogo anasema bado. Ukiongeza mpaka mama yake mzazi hawezi kumtambua, ndipo anapiga makofi. Zamani nilikuwa nabishana nao. Siku hizi naongeza.

Siku aliyokuja Mwalimu nilikuwa nimezama kwenye picha za mahafali, watoto majoho meusi, ukuta mweusi, na Inatosha wangu kapiga bila taa. Ilikuwa mchana, lakini chumba changu cha kazi nakifunga pazia hata jua likiwa utosini, maana mwanga wa dirishani unaidanganya rangi. Mlango ukagongwa. Akaingia mama mmoja mtu mzima, mrefu, viatu vya chini, mkoba kaukumbatia kifuani. Nilimjua. Mtaa mzima unamjua. Kafundisha hisabati miaka na miaka mpaka jina lake mwenyewe likasahaulika, akabaki Mwalimu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wewe ndiye mke wa Inatosha?"

"Ndiye mimi. Nipe pole."

Hakucheka. Akatafuta mahali pa kukaa, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliyeitwa ofisini.

"Nataka picha za giza," akasema.

"Za nini?"

"Za giza. Harusi ya mtoto wa mdogo wangu, ile umeme ulikatika katikati ya ukumbi. Kwenye albamu hazimo. Bibi harusi amenionyesha albamu yote kwa kujificha, hazimo. Lakini mumeo alipiga. Niliisikia kamera inalia mbele yetu."

Harusi ile niliikumbuka mara moja, kwa sababu ilinitoa jasho. Ukumbi mapazia mazito, taa za rangi ya machungwa, na jenereta lililogoma kuwaka siku ambayo lilikuwa linahitajika. Juu ya hayo tuliagizwa kwamba ile meza ya mbele, aliyokaa bibi yake bibi harusi, isipigwe flashi hata moja. Bibi alikuwa ametoka kufanyiwa operesheni ya jicho na mwanga wa ghafla ulikuwa unamtesa. Kwa hiyo picha za meza ile zote zilikuwa za kubahatisha, na zile za wakati umeme umekatika nilizitazama mara moja nikaziweka kando. Zilikuwa nyeusi tii.

"Mwalimu, zile hazina kitu," nikamwambia. Nilitaka aende. Nilikuwa na mahafali ya watu.

"Zina mkono," akasema.

Akanieleza. Alieleza kwa mpangilio, hatua kwa hatua, na sauti haikupanda wala kushuka. Yule bibi wa meza ya mbele alikuwa mama yake mzazi. Miaka ya nyuma baba yao alilazwa, madaktari wakataka saini wampasue. Mama akasema mumewe hapasuliwi. Mwalimu ndiye mtoto mkubwa. Akatia saini. Baba hakuamka.

"Tangu siku hiyo mama hakunisemesha tena. Nikiingia mlango huu, yeye anatokea ule. Nikimwamkia, anamuuliza aliye jirani kama kuna mtu kasema kitu."

"Pole, Mwalimu."

"Kwenye harusi nilialikwa kwa kuoneana haya tu. Wakanipa meza ya nyuma huko, karibu na wapiga muziki. Umeme ulipokatika nikajisemea, leo ni leo. Nikapapasa watu na viti mpaka meza ya mbele. Nikachuchumaa kando ya kiti cha mama, kwa nyuma kidogo, nikaweka mkono kwenye egemeo la kiti. Nikamwita. 'Mama, ni mimi. Mama, nisamehe.' Kimya. Nikamwita tena. Kimya. Mara ya tatu nilikuwa nalia, nakuambia ukweli, nilikuwa nalia kama mtoto. Mara mkono ukanishika."

Akanionyesha. Mkono wake wa kulia ukaukamata wa kushoto, ukaubana mpaka vidole vikabadilika rangi.

"Hivi. Ukanibana hivi mpaka umeme uliporudi, kisha ukaachia. Nikarudi kwenye meza yangu haraka. Sikutaka kumtia aibu mbele ya watu."

Wiki chache baadaye mama yake akafariki. Na sasa wadogo zake wa kiume walikuwa wanasema mama kaondoka na kinyongo chake, kwamba hakumsamehe, na habari za mkono ni za kujitungia. Walikuwa wanakutana Jumamosi kwenye nyumba ya mama kugawana vitu vyake, na walikuwa wamemtumia ujumbe kwamba yeye asifike.

"Hao wa kiume nawaelewa, wana domo tangu utotoni," akasema. "Anayeniuma ni mdogo wangu wa kike, mama wa bibi harusi. Huyo hanicheki. Lakini anakula kiapo. 'Mama hakukushika mkono, dada.' Anasema bila hata kupepesa. Nikimuuliza umejuaje, ananyamaza."

"Kwa hiyo unataka picha."

"Nataka niiweke mezani, waitazame wote. Nikiwa nayo, nitaingia ile nyumba mchana kweupe na kukaa kwenye kiti. Nisipokuwa nayo, sitakanyaga pale tena maisha yangu yote. Nimeshaamua."

Mimi nina sheria, mteja hakai kando yangu ninaposafisha. Akikaa tu anaanza, hapo niongezee, hapo nipunguzie. Nilifungua mdomo nimwambie arudi kesho. Lakini yule mama alikuwa ameshausogeza ule mkoba miguuni na kuvaa miwani, na mimi hata kukataa kumeshanichosha. Nikamsogezea kiti.

Nilimpigia kelele mume wangu aje na diski ya harusi ile. Akaja amevaa taulo shingoni, akamwamkia Mwalimu kwa heshima zote, akasimama nyuma yetu.

"Zile nilizipiga vizuri tu," akasema. "Kuna watu waliwasha taa za simu kule pembeni, mwanga ulikuwa unakuja kwa ubavuni, mtamu kweli. Nilitazama kwenye kioo, ilikuwa inatosha."

"Hebu nyamaza," nikamwambia.

Nikazifungua. Nyeusi. Nikatazama alivyoipanga kamera, nikataka kulia. Kasi kaiacha ile ile ya kupigia watu wanaocheza muziki. ISO mia nane. Kwenye ukumbi ambao umeme umekatika! Watu wamekaa, hakuna anayecheza, angeishusha kasi, angeifungua lenzi mpaka mwisho, angeipandisha ISO ifike elfu sita na ushee, ule mlima ungejisogeza wenyewe kwenda katikati na sisi tungekuwa na raha zetu.

"Chenga," akasema kwa sauti ndogo.

"Chenga! Chenga zinaonekana, baba. Giza halionekani."

Mwalimu alikuwa ameukaribia uso wa kompyuta mpaka pumzi yake ikaweka ukungu. "Hamna kitu kabisa," akasema. Sauti yake sasa ndiyo ilishuka.

"Subiri, Mwalimu. Namshukuru Mungu kwa jambo moja, huyu bwana nilimlazimisha apige ghafi."

Ikabidi nimweleze, kwa sababu mtu wa hisabati hawezi kusubiri bila sababu. Picha ya kawaida kamera inaipika yenyewe na kutupa mabaki. Ukija baadaye kutafuta kitu kwenye kivuli, kimeshatupwa. Picha ghafi ni kila kitu ambacho kamera ilikiona, kimewekwa bila kupikwa. Ndani ya weusi ule vitu vimo, vimejificha tu. Na uzuri wake, ukifanya chochote, yenyewe haiguswi. Ukibadili nia unarudi pale ulipoanzia.

"Laiti kila kitu kingekuwa hivyo," akasema Mwalimu.

Nikaanza. Nikapandisha mwanga kidogo, weusi ukawa kijivu. Nikapandisha tena, ukumbi ukaanza kujitokeza, ukingo wa meza, chupa za maji, kitambaa cheupe cha meza kikitangulia kuliko vingine. Vivuli vikageuka zambarau, kamera yetu ina tabia hiyo ukiivuta sana. Nikaisukuma rangi irudi mahali pake. Chenga zikajaa kila kona. Nikazipunguza nusu, nikaacha.

"Mbona hujazimaliza?" akauliza.

"Nikizimaliza zitaondoka na mikunjo. Uso wa mzee bila mikunjo yake utakuwa wa mtu mwingine. Utaenda kuwaonyesha mama wa nani?"

Akaitikia kwa kichwa.

Kisha nikavichagua vivuli peke yake, pale kando ya kiti, nikaviinua polepole. Na kweli, mkono ukatokea. Mikono miwili, mmoja juu ya mwingine kwenye egemeo la kiti, vidole vimebanana. Hapo Mwalimu alipiga ukelele ambao sikuutegemea kutoka kwake.

"Si huo! Si huo hapo! Nilisema mimi! Huu wa chini ni wangu, hii saa ni yangu. Nilisema!"

Mume wangu akacheka kwa furaha kana kwamba yeye ndiye kafanya kazi. Hata mimi, na uchovu wangu wote, nilijikuta natabasamu. Mwalimu alivua miwani, akafuta macho, akaivaa tena. Akaniambia mimi ni mtoto mzuri, na mimi nina wajukuu.

"Basi nikutolee hivi hivi," nikasema. Nilikuwa nimeridhika, haki ya Mungu. Laiti ningefunga kazi hapo hapo.

"Hapana. Mtoe na mama. Ukitoa mkono tu watasema ni mkono wa yeyote. Nataka uso wake, mkono wake na mkono wangu, vyote vionekane."

Alikuwa sahihi. Nikahamia kwenye kiti. Nikauzungushia uso wa bibi alama, ili uhaririwe huo peke yake, nikaupandisha mwanga. Mwanga wa zile simu ulimgusa shavu moja tu, kwa hiyo ilinibidi nivute nguvu. Kikatokea kitambaa cha kichwani. Likatokea jicho lililofunikwa bandeji. Likatokea jicho la pili.

Nilikuwa nimeshaona. Kazi hii ukiifanya miaka mingi unaona kabla picha haijasema. Kidevu kilikuwa kimeangukia kifuani. Jicho zima lilikuwa limefumba. Mdomo uko wazi kidogo, kama wa mtu yeyote aliyechoka na kelele za harusi za watu. Na pale chini, mapajani, katika weupe hafifu wa kitenge chake, nilianza kuona mikono yake. Yote miwili.

Nikaiachia mausi.

"Mbona umesimama?" akauliza Mwalimu.

"Picha imefika mwisho wake. Zaidi ya hapa itaharibika."

Mume wangu naye alikuwa ameona. Akatoka nje, na mlango akaufunga pole pole, mtu ambaye siku zote anaubamiza.

"Haijafika mwisho," akasema Mwalimu. "Mimi nimefundisha watoto tangu hujaolewa. Mtu anayeruka hatua namjua kwa kumtazama. Endelea."

"Mwalimu..."

"Endelea, binti yangu."

Nifanye nini? Ningeweza kumdanganya, ni kweli. Ningeweza kusema faili limegoma, nikamtolea ule mkono na kiza kingine chote, akaenda nao Jumamosi kifua mbele. Nimeshawafanyia watu uongo mkubwa kuliko huo kwa ajili ya kitambi. Lakini alikuwa ananitazama mimi, haitazami tena kompyuta, na sikuwa na nguvu za kuyakwepa macho yale. Nikainua mwanga.

Mama yake alikuwa amelala. Fofofo. Mikono yake imelala mapajani, mmoja ndani ya mwingine, na leso imetokeza kati ya vidole.

Mwalimu akanyoosha kidole, akaufuata ule mkono uliokuwa umeushika wake, kutoka kwenye egemeo kurudi nyuma. Nilielewa anataka nini. Nikaufuata pamoja naye, nikiuondoa weusi kipande kwa kipande. Kiganja. Bangili. Mkono wa gauni la kumetameta. Mkono ule ulikuwa umepita nyuma ya kiti cha mama, umejinyoosha mpaka mwisho wake, na mwenye mkono alikuwa amekaa upande wa pili, mgongo wima, uso kaelekeza ukumbini kwa watu, kama mtu anayesubiri tu umeme urudi. Nilimjua. Ni yule mteja aliyenirudishia albamu mara mbili akitaka kope zake zionekane. Mama wa bibi harusi.

"Mdogo wangu," akasema Mwalimu.

"Ndiye."

"Kwa hiyo mama hakunisikia."

"Hakusikia, Mwalimu. Alikuwa amelala."

"Hakunisamehe." Akaushusha mkono. "Wala hakunikataa. Maneno yote yale, mimi nimechuchumaa pale, na yeye hayumo kabisa."

Nikamshika bega, akaniacha nimshike.

Halafu akachukua simu. Sikio lake moja halisikii vizuri, kwa hiyo simu yake anaiweka sauti ya nje siku zote, na mimi nikawa sina pa kujificha. Iliita kidogo tu.

"Dada?" Nyuma kulisikika sufuria na watoto.

"Ulikuwa wewe," akasema Mwalimu. Hata salamu hakutoa.

"Wapi?"

"Unajua wapi. Nipo kwa mpiga picha. Nimekuona, mkono wako umepita nyuma ya kiti."

Upande wa pili mlango ukafungwa, sufuria zikanyamaza.

"Alikuwa amelala, dada," sauti ikasema. "Zile dawa za jicho zilikuwa zinamlevya, tangu keki alikuwa anasinzia. Wewe unamwita, unalia, unamwita, na yeye hana habari. Nikawaza umeme ukirudi watu watakukuta umechuchumaa pale unamlilia mtu aliyelala. Sasa ningekuacha hivyo hivyo?"

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Kesho yake ulinipigia unacheka. Tangu baba afe sijawahi kukusikia unacheka vile. Nikasema ngoja kidogo, nitamwambia. Kidogo kidogo, mama akafa. Ukaanza kuwahubiria kina kaka habari za mkono, wanakucheka mbele yangu, na uongo ni wangu. Ndiyo nikawa nasema hakukushika. Zaidi ya hapo nilikuwa nashindwa. Naona aibu, dada. Ile siku nimekushika gizani, na mchana mimi na wao tunakupa mgongo."

Mwalimu alifumba macho. Machozi yalitoka tu, hakuyafuta.

"Wamesema Jumamosi nisije," akasema.

"Mimi nasema uje."

"Nitakaa wapi, na wamejaa pale?"

"Utakaa na mimi."

Mwalimu alikaa ameishika simu mpaka mdogo wake akauliza, "Dada, upo?" Akasema yupo. Akasema atakuja. Kisha akaizima na kuiweka juu ya meza yangu, katikati ya kadi na nyaya.

Nilidhani atainuka aondoke. Nilishaanza kuinua mkono niifute kazi yote, nirudishe weusi kama tulivyoukuta. Akanizuia.

"Usiifute. Nitolee hiyo."

"Ya mikono tu? Nikate hapa pembeni?"

"Usikate kitu. Nataka wote watatu." Akausogelea uso wa kompyuta, akaweka kidole taratibu juu ya paji la uso la mama yake. "Ila hapa umemwekea mwanga mwingi mno. Mpunguzie. Muache alale."

Nikampunguzia, pole pole, mpaka aliposema basi.